Haukuwa Uzee

Asubuhi, duka lile lilinukia nguo safi. Mbele, karibu na mlango palipokuwa na mwanga mwingi, Fundi aliketi kwenye cherehani yake akishona pindo la suruali. Nyuma yake, upande wa pili wa pazia, mkewe alisimama mbele ya meza ndefu iliyotandikwa blanketi, akipiga pasi. Mtaa mzima ulimwita Mama Pasi. Shati likipita mikononi mwake lilitoka limenyooka kiasi kwamba mwenye shati naye alilazimika kunyooka. Redio iliimba chini chini, mvuke ukapanda, na wapita njia wakasalimia bila kusimama, maana walijua wataitikiwa.

Ungeitazama nyumba ile kwa nje, ndugu msomaji, ungeapa kwamba haina shida. Mume na mke walikuwa wamezoeana mpaka hawakuhitaji maneno mengi. Mtoto wao wa kwanza alikuwa karani wa benki, na kitinda mimba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kitu gani tena mtu atake?

Lakini asubuhi hiyo Mama Pasi alipoinama kuokota shuka kwenye beseni, maumivu yalimchoma chini ya bega, akatoa mguno kama mtu aliyepigwa ngumi. Akashika ukingo wa meza asianguke. Fundi aliusikia mguno ule, kwa kuwa pazia si ukuta. Hakugeuka. Alinyoosha mkono akaongeza sauti ya redio.

Haukuwa mguno wa kwanza. Mgongo ulikuwa umemsumbua tangu mvua zilizopita, ukianzia kiunoni, kisha ukapanda, ukazunguka hadi mbavuni. Fundi hakuwa mtu mkatili. Alikuwa mwoga. Aliogopa hospitali na kila kinachohusiana nayo, akajitia hamnazo, akiomba moyoni kwamba mke atanyamaza na maumivu yatapita. Woga wa namna hiyo ukikaa ndani ya nyumba hufanya kazi ile ile ya ukatili.

Mama Pasi akaona asimtegemee mtu. Akawa mteja wa duka la dawa la mtaa wa pili.

"Mgongo tena, mama?" muuza dawa alikuwa akiuliza, macho yakiwa kwa mteja aliye nyuma.

"Mgongo tena."

"Vile vya juzi havikusaidia?"

"Vinasaidia mpaka nikifika nyumbani."

"Basi leo nakupa vikali zaidi."

Hakuna aliyemuuliza anameza vingapi, wala kwa muda gani. Akawa anavitafuna kama peremende. Na wakati huo mwili ulikuwa ukimtumia salamu nyingine ambazo hakuna aliyezipokea. Kiu ilimshika hata baada ya kunywa maji jagi zima. Choo kilikuwa kigumu. Kikohozi kilipona kikarudi, kikapona kikarudi. Ngazi tatu za mlango wa nyuma, ambazo zamani alizipanda na ndoo mkononi, sasa zilimlazimisha kusimama katikati avute pumzi.

Siku ya kukutana familia ilikuwa Jumapili. Karani alikuja na mkewe na furushi la mashati meupe. Mwalimu alikuja na lake. Wote wawili walikuwa watu wazima wenye nyumba zao, lakini nguo zao hazikuwahi kuhama kwa mama. Alikuwepo pia wifi yake Mama Pasi, dada mkubwa wa Fundi, ambaye katika ukoo ule alizoea kusema neno la mwisho, na mara nyingi la kwanza pia.

Walipokwisha kula, Mama Pasi alisema, "Jana nilipiga chafya, nikasikia kitu kimekatika ubavuni. Mpaka sasa siwezi kuvuta pumzi vizuri."

Karani akacheka. "Mama, chafya ingekuwa inavunja watu, wauza pilipili wote wangekuwa wamekwisha."

Sebule nzima ikavunjika mbavu kwa kicheko. Hakuna aliyejua kwamba mle ndani ubavu mmoja ulikuwa umevunjika kweli.

"Ni uzee huo, mama," mwalimu alisema kwa upole. "Pumzika kidogo."

"Apumzike nini?" wifi akaingilia. "Mimi nimemzidi umri na ndoo nabeba. Wifi yangu siku hizi anapenda kubembelezwa tu. Kwani kazi ya pasi ni kazi ya kumuumiza mtu?"

Fundi alikuwa akichokonoa meno. Mama Pasi alimtazama, akangoja. Fundi akaendelea kuchokonoa meno.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Yule mama hakulia. Aliinuka polepole, mkono mmoja ukiwa ubavuni, akaenda pale mlangoni palipowekwa mafurushi. Akalisukuma la kwanza kwa mguu mpaka miguuni pa karani, na la pili mpaka miguuni pa mwalimu.

"Nimewasikia," alisema. "Sasa na ninyi nisikieni. Kila mtu aondoke na nguo zake."

"Mama, umekasirika?"

"Nimeumwa. Ninaumwa na sijui ninaumwa nini, na kesho nakwenda kujua. Mikono mnayo, mimi ndiye niliyewafundisha kuitumia."

Wifi alifungua kinywa. Mama Pasi akamwambia, "Wifi, ukiniita mvivu tena leo, na hiyo kanga niliyokunyooshea utaivua hapa hapa." Wifi akafunga kinywa.

Kesho yake alikwenda peke yake kwenye zahanati. Tabibu alikuwa kijana aliyechoka, na foleni ilikuwa imezunguka jengo. Alimsikiliza kidogo, akashika kalamu. "Ni misuli, mama. Kazi ya kusimama. Nakuandikia dawa za maumivu."

"Dawa za maumivu ninazo." Mama Pasi akamwaga mkoba wake mezani, na vidonge vya kila rangi vikajaa mbele ya tabibu. "Hivi vyote nimemeza. Sikuja kuchukua vidonge, mwanangu. Nimekuja kujua ninaumwa nini."

"Mama, kuna watu wengi nje."

"Nimewaona. Nami ni mmoja wao, na zamu yangu ndiyo hii. Nipime damu. Nipime mkojo. Ukikuta mimi ni mzima, nitakuomba radhi na nitakupigia pasi koti lako hilo, maana linahitaji."

Tabibu aliutazama ule mkusanyiko wa vidonge, na uso wake ukabadilika. Akauliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kumwuliza: kiu, choo, uchovu, vikohozi vya mara kwa mara, uzito. Akaagiza vipimo. Majibu yalipotoka alimwita mwenyewe, akafunga mlango. Damu ilikuwa imepungua sana. Figo zilikuwa zimeanza kushindwa. Madini ya kalisi, ambayo kwa kawaida hukaa kwenye mifupa, yalikuwa yamezidi kwenye damu.

"Mama," alisema, "hivi vidonge usimeze hata kimoja tena. Vinazidi kuziumiza figo zako. Nakuandikia rufaa ya hospitali kubwa, na usiende wiki ijayo. Nenda leo."

Mama Pasi akampigia simu kitinda mimba wake. Mwalimu aliomba ruhusa shuleni, akaja mbio, chaki bado vidoleni. Walipokaribia lango la hospitali alishika mkono wa mama yake, akasema, "Mama, nilisema ni uzee."

"Ulisema. Sasa nishikie mkoba."

Hospitali kubwa ilikuwa na korido ndefu na mabenchi ya chuma. Walimpiga picha za mifupa kuanzia fuvu hadi mapaja. Walimchukua damu na mkojo, wakatafuta aina fulani ya protini isiyotakiwa kuwepo. Kisha wakamlaza kifudifudi, wakamchoma ganzi juu ya nyonga, na sindano nene ikaingia kwenye mfupa kuvuta uboho, ule ute wa ndani ya mfupa ambamo damu hutengenezwa. Mama Pasi aliuma shuka. Baadaye alimwambia mwalimu kwamba kilichomwumiza zaidi ni kuona shuka lile limepigwa pasi vibaya.

Daktari wa magonjwa ya damu alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini. Aliweka picha kwenye mwanga. Mifupa ilikuwa na matundu madogo madogo, kama nguo iliyoliwa na nondo.

"Mama, ndani ya uboho kuna chembe hai, yaani seli, zinazotengeneza kinga ya mwili. Kwako wewe, chembe moja iliasi. Ikazaa zinazofanana nayo, zikajaa, zikaziminya chembe zinazotengeneza damu. Ndiyo maana umechoka. Zinakula mifupa, ndiyo maana ubavu ulivunjika kwa chafya. Na zinatoa protini isiyo na kazi, ambayo inaziba figo. Huu ugonjwa unaitwa mailoma. Ni saratani ya uboho."

Neno saratani lilipotajwa, mwalimu akaanza kulia. Mama Pasi akauliza, "Unapona?"

"Kwa watu wengi hauponi kabisa. Lakini unatibika."

"Nieleze tofauti."

"Kupona ni ugonjwa kuondoka usirudi. Kutibika ni kuudhibiti, ulale, na wewe uamke uendelee na maisha yako. Wapo wanaoishi nao miaka mingi. Ukirudi, tunautibu tena. Ila tungekupata mapema figo zisingefika hapa."

"Basi tuanze."

"Hutaki kwanza kuzungumza na familia?"

"Familia imezungumza sana," Mama Pasi alijibu. "Zamu yangu."

Alilazwa siku kadhaa, akawekewa maji mengi kwa dripu kuziokoa figo na kuishusha kalisi. Aliporuhusiwa kwenda nyumbani kujiandaa na matibabu, alikuta viatu vingi mlangoni. Wakubwa wa ukoo walikuwa wamekusanyika sebuleni. Hawakumsikia akiingia kwa mlango wa nyuma. Akasimama nyuma ya pazia la sebule, akawasikiliza.

"Saratani ni saratani," wifi alikuwa akisema. "Sindano zile zitammaliza upesi tu. Kuna mtu anauza unga wa mizizi, ameponya wengi. Tumpeleke huko, asiambiwe mengi."

"Na tuseme ukweli," akaongeza mzee mmoja, "alikuwa mama mchapakazi."

"Alikuwa na roho safi," mwingine akaitikia.

"Na mkono wake wa pasi ulikuwa hauna mfano," karani akasema, sauti ikikatika.

Mama Pasi akafunua pazia. "Alikuwa nani?"

Karani akainuka haraka kumpisha kiti.

"Nauliza, mnayemzika hapa ni nani? Kama ni mimi, nitatoa na mimi hotuba." Akaketi kwenye kiti cha katikati, polepole, akishikilia kiuno. "Ugonjwa nimeusikia kwa masikio yangu kutoka kwa aliyeupima. Matibabu nimeyakubali kwa mdomo wangu. Unga sinywi. Huo unga nani ameupima? Figo zangu zimeshaharibiwa na vidonge visivyoulizwa, sizipeleki kwa unga usioulizwa. Anayetaka kunisaidia, kuna siku za kliniki, nahitaji mtu wa kunisindikiza. Anayetaka kunililia, asubiri kwake mpaka nitakapokufa, nitamwambia siku."

Wifi alimgeukia ndugu yake. "Fundi, wewe ndiye mume. Sema."

Fundi alitazama mikono yake. Akaanza kuchomoa uzi kwenye pindo la shati lake. Wifi akatabasamu kidogo, na kikao kikavunjika bila kukubaliana.

Matibabu yakaanza. Kila wiki alichomwa sindano chini ya ngozi ya tumbo. Alikuwa na vidonge vya kumeza nyumbani, na vingine vya steroidi, dawa ya jamii ya homoni, vilivyomfanya siku ya dawa awe kama amechomekwa kwenye umeme: alifuta madirisha, akapanga makabati, akagombana na kuku wa jirani. Siku ya pili alizimika, akalala kama gunia. Kulikuwa na dripu ya kuimarisha mifupa, na kabla ya kuianza walimkagua meno, maana dawa hiyo huweza kudhuru taya. Mwalimu alimsindikiza kila kliniki, akauliza kila dawa ni ya nini.

Haikuwa njia laini, wala sitaki kuwadanganya. Vidole vilianza kufa ganzi. Siku moja, akijaribu kupiga pasi kola moja tu, alisikia harufu ya kuungua akaitafuta kwenye nguo. Ilikuwa ngozi ya kiganja chake. Hakuwa amehisi lolote. Daktari alipunguza dozi, lakini alimwambia wazi kwamba pasi ile aiweke chini. Mama Pasi aliiweka. Jioni ile ndiyo mara pekee watu wa nyumba ile walipomwona akilia, na alipomaliza kulia aliwaambia wasije wakadhani amejuta kuanza matibabu.

Daktari alikuwa amewaonya jambo moja kuliko yote: kinga ya mwili iko chini, kwa hiyo homa si ya kungoja. Ikipanda tu, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Homa ikaja mchana wa siku ya kazi. Mwalimu yuko shuleni, karani yuko benki. Mama Pasi alianza kutetemeka kitandani, meno yakigongana, na alipotaka kusema, maneno hayakuungana. Wifi alikuwepo, amekuja kutazama hali. Akatoa karatasi iliyokunjwa kwenye mfuko wa nguo.

"Nilijua tutafika hapa," alimwambia Fundi. "Leta maji ya moto. Ni ule unga. Mpe na vidonge viwili vya maumivu, alale. Kesho tutaona."

Fundi alimtazama mkewe. Mama Pasi alimwangalia tu mumewe, kama alivyomwangalia siku ile ya Jumapili, akangoja.

Fundi akavaa viatu. Akamfunika mkewe shuka, akamwinua begani.

"Unakwenda wapi naye?" wifi akasimama mlangoni. "Fundi, nakuuliza mimi dada yako niliyekulea."

"Dada," alisema, na sauti yake haikupanda, "umenilea na nakushukuru. Toka mlangoni."

"Akifia njiani, ukoo utakuuliza wewe."

"Utaniuliza mimi, na nitajibu. Mwaka mzima nimemsikia huyu akiumia, nikaongeza sauti ya redio. Toka mlangoni, dada."

Wifi akatoka mlangoni.

Ilikuwa nimonia. Daktari alisema wangengoja hadi kesho wasingekuwa na wa kumtibu. Fundi, yule mwoga wa hospitali, alikaa kwenye benchi la chuma mpaka hatari ikapita, akijifunza majina ya dawa moja baada ya jingine. Karani alikuja na fulana iliyokunjamana, hajali, akaketi karibu na baba yake. Siku ya tatu wifi naye alikuja. Alisimama mlangoni mwa wodi kwa muda, kisha akaingia akamlisha wifi yake uji kijiko kwa kijiko. Hakuomba radhi kwa maneno. Mama Pasi alimwambia uji hauna sukari, na wote wawili wakaelewa.

Miezi ilikwenda. Damu ikapanda. Figo hazikurudi kama zamani, lakini zilitosha kumwepusha na mashine ya kusafisha damu. Ile protini mbaya ikashuka, ikashuka tena, mpaka vipimo vikapata shida kuiona. Alikuwa amepungua kimo, kwa kuwa pingili mbili za mgongo zilikuwa zimebonyea, na viatu vya kisigino aliviaga. Dukani sasa alikaa mbele, akipokea wateja na kumfundisha msichana mmoja kazi ya pasi, tena bila huruma.

Siku ya majibu familia nzima ilikwenda kliniki, mpaka daktari akalazimika kutafuta viti.

"Nimepona?" Mama Pasi akauliza.

"Hapana, mama. Ugonjwa umetulia. Utaendelea na vidonge vya kuulinda utulivu huu, na tutakupima kila mara. Pia tutazungumza kuhusu kupandikiza chembe za uboho wako mwenyewe, kama mwili utaruhusu. Ugonjwa unaweza kurudi siku moja, lazima nikwambie."

Fundi akashusha macho. Mwalimu akatafuta leso. Mama Pasi alifunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja, kwa vidole vile visivyohisi, akikataa kusaidiwa.

"Na urudi," alisema. "Mara ya kwanza ulinikuta sijui jina lake."

La kushika katika habari hii

Ndugu zangu, nyumba hii haikuponzwa na mailoma peke yake. Iliponzwa na neno uzee, ambalo tunalitumia kumnyamazisha mtu anayesema anaumwa. Maumivu ya mifupa yasiyokwisha, uchovu usioeleweka, kiu na maambukizi yanayorudi rudi havijibiwi kwa kicheko wala kwa pakiti nyingine ya vidonge. Vinajibiwa kwa kipimo. Dawa ya maumivu inayomezwa muda mrefu bila mtaalamu inaweza kuficha ugonjwa huku ikiua figo, na unga usiojulikana hauna aibu ya kufanya hivyo hivyo.

Mwenye maumivu, usiombe ruhusa ya kuumwa. Ukiambiwa huna kitu kabla hujapimwa, kaa kwenye kiti uulize tena. Na wewe unayeishi na mtu anayeguna nyuma ya pazia, simama ukamwulize panapouma, halafu mwende pamoja. Saratani ya namna hii ina tiba, na tiba haimtafuti mtu nyumbani. Wapo waliosomewa hotuba ya mazishi wakiwa hai kwa sababu walio karibu nao walichoka kusikiliza. Tusikubali tena.